Udongo wa Chini ya Tuta

Mama muuza chai aliingia uwanjani bila kubisha hodi. Alikuwa na beseni kichwani. Alilitua mbele ya kibaraza, akaliinamisha, vigae vya mtungi vikamwagika miguuni pa Mama Mlio.

"Mzigo wako huo," alisema. "Umejipasua wenyewe. Wateja wamekaa, wanakunywa chai yao, mara tak! Kipande kikaruka, maji yote sakafuni. Mzee mmoja kaacha kikombe mezani, anasema hanywi mahali penye pepo."

"Umeubamiza," alisema Mama Mlio.

"Niubamize kwa nini? Kwani nimeolewa na mtungi, mpaka tugombane?"

Nyuma ya ua wa jirani wanawake wakacheka. Mama Mlio hakucheka. Aliinama akaokota kigae kikubwa, akakigonga kwa kifundo cha kidole cha kati, akasikiliza. Hata baada ya kuvunjika bado kilikuwa na sauti nzuri, na hilo ndilo lililomuumiza.

Jina la Mlio alilipata kwa kidole hicho. Kila chungu kilichotoka motoni, kikishapoa, alikigonga na kukitegea sikio. Kilichoitika kwa sauti safi kiliuzwa. Kilichoitika kama mtu mwenye mafua alikivunja papo hapo, hata kama mnunuzi amesimama anakililia. Ndiyo maana watu walinunua kwake bila kukagua. Na sasa mitungi aliyoigonga yeye mwenyewe, ikamwitika vizuri, ilikuwa inamrudia vipande vipande tangu mvua zianze.

"Chukua huu," alisema, akamsogezea mtungi mwingine.

"Na huu nao ukijipasua?"

"Ukijipasua njoo unipasue mimi."

Mama muuza chai aliuchukua. Lakini kabla hajautia kwenye beseni alikunja kidole, akaugonga, akainamisha kichwa na kutega sikio huku amefumba macho, vile vile kama alivyozoea kufanya Mama Mlio. "Unasema haujambo," aliwaambia wale wa nyuma ya ua. "Unawasalimu wote." Kicheko kikamsindikiza mpaka njiani.

Mkamwana alikuwa ameshachuchumaa, anaokota vigae. Mama Mlio alimtazama kwa muda, kisha akasema, "Hebu mikono."

"Mama?"

"Mikono yako. Ilete niione."

Aliinyoosha. Ngozi ya vidole ilikuwa imekauka na kuchanika kwenye viungo, na ndani ya nyufa damu ilikuwa imeganda.

"Mikono gani hii ya mfinyanzi? Imekuwa kama gome la mti. Ukiupapasa udongo na mikono hii unauachia mikwaruzo usiyoiona wewe. Moto unaiona."

"Napaka mafuta, mama."

"Mafuta! Hapo ndipo unapomaliza kabisa."

Mkamwana akairudisha mikono yake, akaificha ndani ya nguo aliyojifunga kiunoni.

Mumewe alikuwa ameketi kizingitini, anafunga kamba za buti za kazi. Kigae kimoja kilikuwa kimerukia karibu na mguu wake. Alikiokota. Mahali kilipomegeka palikuwa na kishimo kidogo, na chini ya kishimo hicho palikuwa na punje nyeupe, ndogo kama chenga ya mchele. Aliikwaruza kwa ukucha. Ikawa unga. Alikigeuza kigae, akakiweka chini kwa upande wa pili, akasimama.

"Nachelewa kazini," alisema, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Zamani wafinyanzi hawakuwa wakichimba chini ya tuta la barabara. Udongo mzuri ulikuwa upande wa juu wa kinamasi, chini ya mizizi ya matete, mweusi unaoelekea bluu, laini kiasi kwamba ukiubana unatokea katikati ya vidole kama siagi. Mama Mlio alioneshwa mashimo hayo na mama mkwe wake, naye alikuwa amemwonesha mkamwana.

Kisha barabara ikaja. Waliileta kwa malori, udongo mwekundu juu ya udongo mwekundu, mpaka tuta likakikata kinamasi kutoka ukingo huu hadi ule. Chini ya tuta waliweka kalavati la kupitishia maji, lakini waliliweka juu kidogo kuliko njia ya maji. Maji ya upande wa juu yakasimama pale kama watu waliofika dukani wakakuta limefungwa. Yakaota utando wa kijani, yakanuka. Matete yakaoza yamesimama, na mashimo ya udongo yakazama mahali ambapo hata mtu mrefu asingegusa chini. Upande wa pili ulikosa maji. Majani yakawa ya njano, ardhi ikapasuka, vyura wakanyamaza. Palipobaki na unyevu ni kwenye mguu wa tuta tu, ambako maji ya mvua yalishuka kutoka kwenye mteremko na kutuama. Hapo ndipo wanawake wa udongo walipohamia, mmoja mmoja, bila kuambiana.

Siku ile ya vigae, mama mkwe na mkamwana walikuwa huko peke yao. Mama Mlio alichota udongo kidogo kwa kidole, akauweka kwenye ncha ya ulimi.

"Una ukali kidogo," alisema, akatema.

"Labda tuchimbe pengine, mama."

"Pengine wapi? Nioneshe hapo pengine."

Wote wawili wakatazama. Upande huu ukavu, upande ule maji, katikati barabara. Gari moja lilipita juu yao kwa kasi, na dereva akawapigia honi kwa furaha, kama anayesalimia watu waliokuja kumpokea.

Mkamwana aliinama tena. Alisugua kitu katikati ya vidole, akakitazama, akainua macho juu ya mteremko wa tuta. Kisha akakipangusa kwenye majani.

"Nini?" aliuliza Mama Mlio.

"Kijiwe tu, mama."

"Ndiyo hivyo vijiwe unavyoniachia kwenye udongo. Chekecha vizuri."

"Nimesikia, mama."

Kazini mume wa mkamwana walimwita Mvi. Kazi yake ilikuwa kupasua mifuko ya chokaa na kuimwaga juu ya udongo mwekundu, ili mashine ije ichanganye na kushindilia, maana udongo mtupu usingebeba malori juu ya kinamasi. Ilipofika saa sita mchana nyusi zake zilikuwa nyeupe, kope nyeupe, nywele nyeupe. "Shikamoo babu," wenzake walimwambia kila jioni, na yeye akaitikia "marahaba wajukuu," wakacheka wote. Alikuwa kijana mwepesi wa kucheka. Hakuna aliyewahi kumwona akigombana na mtu.

Kufunika mifuko kwa turubai ilikuwa juu yake pia. Mvua ya kwanza ya msimu uliopita ilimkuta amesahau. Mifuko iliyolowa ikashika, ikawa mawe. Nyapara alipoiona alishika kiuno.

"Mhandisi anakuja," alisema. "Akikuta hii hapa, nitasema nini? Iondoe mbele ya macho yangu, au utaondoka pamoja nayo."

"Niipeleke wapi, mkubwa?"

"Mimi ni mama yako, nikuambie pa kutupa takataka? Kinamasi si kile pale?"

Mvi aliibeba mifuko begani, akaitupa kwenye mguu wa tuta, akaishindilia kwa mguu mpaka ikazama. Wakati ule hakuna mwanamke aliyekuwa akichimba hapo. Aliwaza, hii ni nini, si udongo mweupe tu. Na si mifuko yake peke yake iliyofika mle. Kila mvua iliponyesha, tuta lenyewe lilitoa maziwa, vijito vyembamba vyeupe vikashuka mteremkoni kwenda kutuama kule chini.

Sasa alijua ile punje ndani ya kigae ilitoka wapi. Alilijua hilo siku nzima huku akipasua mifuko. Alimjua mama yake pia. Angemwambia leo, kesho asubuhi mama angekuwa mbele ya nyapara na beseni la vigae kichwani, na sauti yake ingesikika mpaka kwa mhandisi. Kibarua kingekwisha siku hiyo hiyo. Na vyungu ndivyo hivyo, vilikuwa vinarudi. Nyumbani wangekula nini? Hivyo ndivyo alivyojiambia, na ilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na kweli nyingine chini yake: aliona aibu, na alizoea kusubiri mambo yaishe yenyewe.

"Tutafinyanga sote," Mama Mlio alisema wiki iliyofuata. "Udongo mmoja, moto mmoja. Mimi vyangu nitavitia alama ya ukucha, wewe vyako tia tundu la kijiti. Halafu tuone."

"Tuone nini, mama?"

"Tutaona."

Walifinyanga bega kwa bega. Mkamwana alifinyanga kama mtu anayeandika mtihani. Kila udongo ulipomwingia kwenye nyufa za vidole alikunja uso, akaendelea. Walianika, wakapanga, wakachoma. Vilipopoa, Mama Mlio aligonga kimoja kimoja, na vyote, vya ukucha na vya kijiti, vikaitika vizuri. Mkamwana aliachia pumzi.

Mama Mlio alivipeleka vya kwake chumbani, akavipanga kwenye rafu iliyo juu ya kitanda, palipokuwa pakavu na joto la jiko la upande wa pili wa ukuta. Alifanya hivyo siku zote kwa vitu vyake. Vya mkamwana havikupata nafasi, vikakaa nje ukutani, chini ya ukingo wa paa. Ukungu ukavilowesha asubuhi, manyunyu yakavilowesha jioni. Hakuna aliyelifikiria hilo. Nani afikirie kwamba chungu cha maji kinaogopa unyevu?

Jumapili Mvi alikuwa nyumbani. Wote watatu walikuwa uwanjani, wanachambua mboga, pale ukutani kitu kiliposema tak.

Hakuna aliyeinua kichwa. Kikasema tena, tak, na kipande kidogo kikaruka mpaka kwenye sinia la mboga.

Mama Mlio alisimama, akaenda ukutani, akavigeuza vyungu. Vilikuwa vimemegeka mashavuni, mabaka mabaka, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Vyote vilikuwa na tundu la kijiti. Aliingia chumbani kwake, akakaa huko kidogo, akatoka.

"Vyangu vimetulia," alisema.

"Mama," Mvi alisema, "labda ni udongo."

Mkewe aliinua uso. Alimtazama mumewe, na jani la mboga likabaki mkononi mwake bila kuchambuliwa.

"Udongo mmoja!" Mama Mlio alisema. "Mimi na yeye tumechota shimo moja. Mbona vyangu vimetulia? Haya, wewe unayejua udongo, niambie, una nini?"

Mvi alifungua mdomo. Kuku alipita katikati yao. Mvi akamfukuza, ingawa kuku huyo hakuwa amegusa kitu.

"Au labda ni moto," alisema.

Mkewe akainamisha uso tena.

"Si udongo, si moto," Mama Mlio alisema. Hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa muda mrefu kwamba sikio lake limekufa, sasa kapata pa kuitua hofu hiyo. "Ni mikono. Mikono hii haishiki kitu kikakaa."

Neno hilo likatua uwanjani, na wote watatu wakalisikia lilivyokuwa. Mwaka uliopita mkamwana alipoteza mimba, ikiwa imeshaanza kuonekana. Mama Mlio mwenyewe ndiye aliyemkanda kwa maji moto. Alitaka kulirudisha neno lake, lakini lilikuwa limeshatoka, na kiburi kikamzuia kuliombea radhi.

Mkamwana alimaliza kuchambua mboga. Aliziosha, akazikata, akaziweka jikoni. Kisha akaingia ndani kufunga nguo zake.

Mvi alimbebea begi mpaka barabarani. Lami ilikuwa imewekwa kipande hicho, nyeusi, inang'aa, bila shimo hata moja. Walisimama pembeni. Upande mmoja wa tuta maji yaliyooza yalinuka, upande wa pili upepo ulipeperusha majani makavu.

"Ukapumzike kidogo kwenu," alisema Mvi. "Mimi nitazungumza na mama."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia apoe."

"Apoe."

"Sasa unataka nimwambie nini?"

Mkewe alimsubiri. Alimsubiri kwa macho yake yote, kama mtu anayemshikia mlango mwenzake aliyebeba mzigo. Gari likaonekana mbali, na kwa sababu barabara ilikuwa nzuri, likafika mara moja.

"Suruali yako ya kazi nimeiacha kwenye beseni imelowa," alisema akiwa ameshaweka mguu ndani. "Usiifue kwa mikono mitupu."

Mlango ukafungwa. Mvi alipunga mkono mpaka gari likapotea. Halikuchukua muda.

Mvua kubwa zilikuja baada ya hapo. Paa likavuja juu ya kitanda cha Mama Mlio, kuta zikatota, jiko likazimika siku mbili kwa kuni mbichi. Alikuwa amelala mchana, mgongo unamuuma, pale rafu ilipomwambia tak.

Alifumbua macho. Kipande cha chungu kilikuwa kifuani kwake. Aliinuka, akashusha chungu, akatazama alama. Ukucha. Kingine nacho kikamegeka akiwa amekishika. Aliketi kitandani, vyungu vyake vimemzunguka, na vikaendelea kusema kimoja baada ya kingine, na yeye akasikiliza kama alivyosikiliza maisha yake yote.

Mvi aliporudi alimkuta hapo. Alisimama mlangoni na nyusi zake nyeupe.

"Baba, njoo uone," mama alisema, sauti yake ndogo. "Na mimi pia. Mikono yangu pia."

Hapo Mvi akapiga magoti. Alisema yote, mifuko, turubai, nyapara, mguu wa tuta, ile punje ya asubuhi ile, na jinsi chokaa iliyopita motoni inavyovimba ikipata unyevu. Alisema haraka haraka, macho chini. Mama yake hakumkatiza. Alikuwa amechukua kigae, ameiona punje nyeupe ndani ya kishimo, ameigusa kwa ncha ya ulimi. Ule ukali.

"Imetupwa mingi?"

"Mingi, mama. Na tuta lenyewe linashuka nayo. Kila mvua."

"Kwa hiyo udongo ule umekufa."

Mvi alipangusa chokaa kwenye nyusi zake.

"Ulikuwa umekaa pale," mama alisema. "Ulikuwa na sinia magotini. Ukaniacha nikamwambia lile neno."

"Niliogopa kazi, mama."

"Kazi," alisema, kama mtu anayejaribu neno la lugha ngeni. Hakupiga kelele, na Mvi angetamani apige.

Kesho yake Mama Mlio hakwenda kwa nyapara. Alivaa nguo yake nzuri, akapanda gari kwenda kwa kina mkamwana. Alijikunyata kwenye kiti cha nyuma na akaona aibu jinsi safari ilivyokuwa laini.

Walimpokea vizuri, wakamkaribisha kiti, wakamletea maji. Kisha wazazi wakajiondoa na kuwaacha wawili. Mkamwana aliketi mbele yake kwenye mkeka.

"Sikuja kukaa kwenye kiti," alisema Mama Mlio, akashuka mkekani. "Mwanangu, nimekuja kuomba radhi. Vyangu navyo vimepasuka. Ni chokaa ya barabara. Amenieleza mwenyewe."

"Amekueleza lini, mama?"

"Jana."

"Jana," mkamwana alirudia.

"Nipe mikono yako."

Aliinyoosha. Mama Mlio aliishika, akaigeuza, akapapasa viungo kimoja kimoja kwa kidole gumba. Ngozi ilikuwa imefunga. Mikono ilikuwa laini, mizima, kama ya msichana. Aliitazama kwa muda mrefu, na polepole akaelewa alichokuwa akikishika.

"Suruali zake," alisema.

"Ndiyo, mama. Kila nikilowesha, maji yanakuwa meupe na mikono inaungua. Na mifukoni zinabaki punje. Siku ile tuko shimoni nikaishika moja, nikaijua."

"Ulijua?" Mama Mlio alisikia sauti yake ikivunjika. "Ulijua, mwanangu, ukanyamaza nikakutukana?"

"Ningesema mimi, ungesema nini? Ungesema namsingizia mwanao nijiokoe. Na kazi ikipotea, ningekuwa mimi niliyeipoteza." Alimtazama mama mkwe wake usoni. "Lakini si kwa hilo tu, mama. Nilitaka aseme yeye. Aliposema labda ni udongo, nilisema moyoni, haya, leo nina mume. Halafu akafukuza kuku."

Mama Mlio alilia, mikono ya mkamwana bado mikononi mwake. Mkamwana hakulia. Alikuwa ameshafika mwisho wa jambo hilo kabla yao wote.

"Atakuja mwenyewe akuombe. Nitamleta."

"Usimlete, mama. Wewe njoo siku yoyote, hapa ni kwako. Yeye akija nitampa kiti na maji ya kunywa, kama mgeni."

Mama Mlio alirudi jioni, jua bado halijazama. Mvi alikuwa uwanjani, amechuchumaa mbele ya beseni, anafua suruali yake ya kazi kwa mikono mitupu. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuchanika. Alisimama haraka alipomwona mama yuko peke yake, akatazama nyuma yake njiani, akatazama tena.

"Amesemaje, mama?"

Mama Mlio aliweka mkoba wake kibarazani. Suruali ya turubai ni nzito, mtu mmoja haikamui vizuri. Alishika mguu mmoja wa suruali, mwanawe akashika wa pili, wakaisokota kila mtu upande wake, bila kutazamana. Maji meupe yakatoka, yakajaa chini, yakapita katikati ya uwanja kando ya vigae vilivyorundikwa, yakaingia kwenye mfereji, yakashika njia ya kinamasini, ambako yalikuwa yakienda siku zote.